Wakandaji Wakae Kitako

 Jioni hii nataka tuwazungumzie wakandaji. Nakusudia bibi anayekanda wazazi mtaani, binti aliyeajiriwa kwenye spa ya hoteli, kijana anayewachua wachezaji mpira pembeni ya uwanja, na kina dada waliotandika vitanda vyao chini ya makuti katika fukwe za Unguja: Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani. Wengine wanaitwa wachuaji, wengine watu wa masaji. Kazi ni moja. Lakini waulize chama chao kiko wapi, na huenda ukaonyeshwa kikundi cha upatu cha mtaani, ambamo mkandaji amekaa pamoja na muuza samaki na mpika maandazi, na habari za kazi yake hazizungumzwi hata mara moja.

Wavuvi wana kamati zao dikoni. Waendesha bodaboda wana kijiwe na mwenyekiti, na mmoja akianguka barabarani wenzake hufika hospitali kabla ya ndugu zake. Mkandaji hushughulika na mtu mmoja kwa wakati mmoja, mara nyingi nyuma ya pazia, na linalompata humo hutoka nalo peke yake. Mwenzake wa kibanda cha pili anamjua zaidi kama mtu wa kugombania naye mteja. Rai yangu jioni hii ni kwamba wakandaji wanahitaji jumuiya yao wenyewe, na kwamba jumuiya hiyo ianze na siku mbaya ya mkandaji: siku aliyodhalilishwa, siku mkono umekufa ganzi, siku mteja amekataa kulipa. Vyeti na mihuri vije baadaye.

Jambo hili limewahi kutokea mbali na kwetu, na historia yake inajulikana vizuri. Mwaka 1894, katika jiji la London, kukandwa kulikuwa kumeenea sana. Madaktari waliwaagiza wagonjwa wao wakandwe, na skuli za kufundisha kazi hiyo zilikuwa zimezuka kila upande, bila mtu wa kuzikagua. Mwaka huo jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, likachapisha habari zilizokuja kuitwa kashfa za masaji. Liliandika kwamba baadhi ya nyumba zilizojitangaza kuwa za kukanda zilikuwa madanguro, na kwamba wasichana walioingia kujifunza kazi walijikuta wamefungwa na madeni ya ada na kusukumwa kwenye kazi ambayo hawakuijia.

Hebu fikiri hali ya mkandaji mwanamke mwenye kazi yake ya halali katika mji ule. Jana alikuwa mtu wa heshima, leo jirani anamtazama kwa jicho la upembe. Hakufanya kosa lolote. Kosa limefanywa na wengine kwa jina la kazi yake, na peke yake hana pa kulijibia.

Walikuwepo wauguzi wanne, wote wanawake: Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer. Walikaa kitako, na mwaka huohuo wa 1894 wakaunda chama cha wakandaji wanawake waliofunzwa, Society of Trained Masseuses. Mwaka uliofuata wakaanza kutahini. Wakajiwekea masharti makali. Mwanachama asikande ila kwa maelekezo ya daktari. Asiwakande wanaume, isipokuwa kwa dharura za ugonjwa. Asijitangaze magazetini, ila katika magazeti ya tiba tu. Asiwauzie wagonjwa dawa. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokuja, na majeruhi kurudishwa kwa maelfu, mikono iliyofunzwa ilikuwa tayari na orodha ya majina ilikuwepo. Mwaka 1920 chama kikapewa hati ya kifalme, na mwaka 1944 kikachukua jina la Chartered Society of Physiotherapy. Ukimuona leo mtaalamu wa viungo katika hospitali ya Uingereza, chama chake kilianzwa na wanawake wanne waliokuwa wakitetea jina la kazi ya kukanda.

Nawapenda wanawake wale kwa jambo moja hasa: hawakungoja serikali iwasafishe. Ila wale wanne pia walifunga mlango. Waliposema mkandaji asifanye kazi bila daktari, waliiweka kazi yao chini ya mamlaka ya watu wengine kwa miaka mingi. Na walipoweka mtihani kuwa ndiyo njia ya kuingilia, mwanamke maskini aliyejua kukanda kwa kurithi lakini hana ada ya mafunzo alibaki nje, na huko nje ndiko kashfa ziliendelea kumwangukia. Nitalirudia hili la mlango, kwa sababu ndipo vyama vingi vya namna hii vinapopotea.

Sasa turudi kwetu. Neno masaji nalo limechafuliwa katika miji yetu. Yapo matangazo mitandaoni ambayo kila mtu mzima anaelewa yanauza nini, na moshi wake unamfikia mtu asiyehusika. Binti akisema nyumbani kwamba amepata kazi ya masaji hotelini, baba ananyamaza, mume anauliza maswali. Na mteja naye, wako wenye kuamini kwamba aliyekubali kumkanda mtu amekubali na mengine. Anayeijua kazi hii anajua ninachosema: mkono unaoshikwa, taulo linaloachwa kusudi, noti ya ziada inayowekwa juu ya meza pamoja na ombi. Wengi hawasemi, kwa sababu anayesema ndiye anayeulizwa alikuwa akifanya nini humo ndani.

Hapa ndipo jumuiya inapokuwa na kazi kubwa kuliko zote. Kina dada wa ufukweni wanajua tayari jambo ambalo halikuandikwa kwenye kitabu: kibanda kiwe wazi upande mmoja, na wafanye kazi wawili wawili, vitanda vikitazamana. Huo ni ulinzi, na ungefaa kuwa sharti la wote. Anayeitwa chumbani kwa mgeni aende na mwenzake, au amwachie mwenzake namba ya chumba na saa ya kurudi. Pawe na sentensi moja ya kukataa, waliyokubaliana na kuifanyia mazoezi kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiitaliano, ili ulimi usikwame siku ya siku. Na mteja aliyevuka mpaka kwa mmoja asipokewe na wa pili. Hili la mwisho ni gumu, nalifahamu ugumu wake, maana wa pili naye ana watoto. Lakini mteja wa namna hiyo anajua kwamba akifukuzwa hapa atapokewa pale, hatua ishirini mbele, na ndiyo maana harudi nyuma.

Wanaodhani hizi ni habari za uoga wa kike tu wajue kwamba dunia imeshaziandikia mkataba. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 190 kuhusu ukatili na udhalilishaji katika ulimwengu wa kazi. Unamhusu pia aliye katika sekta isiyo rasmi, asiye na barua ya ajira wala mwajiri, na unahesabu pia madhara yanayotoka kwa watu wa nje, mteja akiwa miongoni mwao. Mkandaji wa ufukweni ni mfanyakazi. Mkandaji wa hotelini ni mfanyakazi, na meneja anayemwambia avumilie kwa kuwa mgeni amelipa pesa nyingi anamkosea.

Tuje kwenye mikono. Watu hudhani mkandaji haumwi. Ukweli ni kwamba kazi hii inakula viungo vya mwenye kuifanya, na inaanza na shina la kidole gumba, pale kinapokutana na kifundo cha mkono. Anayekandamiza kwa gumba saa nzima, wateja watano au sita kwa siku, msimu mzima, atafika siku vidole vinaamka na ganzi, kitasa cha mlango hakizunguki, na kikombe cha chai kinaponyoka. Wapo walioiacha kazi wakiwa bado vijana kwa sababu hii, na waliowaona wakidhani wameolewa tu au wamechoka.

Wazoefu wana dawa zao, nazo si siri kubwa. Nguvu itoke kwenye uzito wa mwili, kwa kuegemea, na gumba likae kwa sehemu ndogo zinazolihitaji. Mgongo mpana ukandwe kwa kigasha na kiwiko. Kitanda kiwe na kimo kinachomfaa mwenye kukanda: asimame wima, mikono ameining'iniza, na uso wa kitanda ufike karibu na ngumi zake. Anayekanda kwenye mkeka aweke kitu laini chini ya magoti na abadilishe mkao. Baina ya mteja na mteja, mikono ipumzike. Maneno machache haya, aliyekaa na mkongwe anayo mwaka wa kwanza, na aliyejifunza peke yake huyapata baada ya mkono kuharibika. Nani wa kumfundisha binti anayeanza leo Jambiani, ikiwa mkongwe wa kibanda cha pili anaogopa kwamba akimfundisha atamchukulia wageni?

Na mkono unafungamana na bei, jambo ambalo sisikii likisemwa vya kutosha. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba saa moja ya kukandwa ni shilingi elfu arobaini. Msimu unalegea, mmoja anasema elfu thelathini. Wa pili anashuka hadi ishirini na tano. Mgeni anatembea kibanda hadi kibanda akitaja bei ya aliyetangulia, na jioni anakandwa kwa elfu kumi na tano, ambazo bado papasi aliyemleta anadai sehemu yake. Sasa huyo dada, ili apate zile elfu arobaini za mwanzo, itambidi akande wateja karibu watatu. Hasara anaibeba kwenye gumba na kifundo chake. Kwa hiyo kikundi kinapokubaliana bei isiyoshukwa, kinaokoa fedha na viungo kwa pamoja. Bei hiyo iandikwe kwenye ubao mbele ya vibanda vyote, kwa rangi na herufi kubwa. Na mahali penye wateja wachache, kazi iende kwa zamu. Zamu si jambo geni kwetu: daladala zinapakia kwa zamu, bodaboda kijiweni hupakia kwa zamu, na anayeruka zamu anajulikana.

Fedha za kusaidiana nazo zina njia ambayo Unguja inaijua vizuri. Mwaka 1991, huko Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza na wanawake wa vijijini utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopa vinavyosimamiwa na wanachama wenyewe. Utaratibu ule ukasafiri, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukafika katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, msitu huohuo unaoupita ukienda Paje. Leo tunauona kila shehia: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hisa zinazonunuliwa hadharani, na pembeni mfuko wa jamii wa misiba na maradhi. Mimi ningependa wakandaji waongeze mfuko mmoja mdogo, waupe jina la mfuko wa mkono. Kila mmoja atie kidogo kila wiki wakati wa msimu, na mwanachama ambaye kifundo kimevimba alipwe angalau cha kula apumzike wiki mbili au tatu. Asiyelipwa hapumziki, na asiyepumzika haponi.

Tulipoona umuhimu wa akiba kama hiyo ni mwaka 2020. Ndege zilisimama, hoteli zikafungwa, na hata anga ya Tanzania ilipofunguliwa tena mwezi Mei, wageni walichukua muda kurudi. Kukanda ni kazi ya kugusa, na dunia nzima ilikuwa imeambiwa isigusane. Mwenye duka aliuza unga, mvuvi alivua akala. Mkandaji wa ufukweni alikuwa na mafuta ya nazi kwenye chupa na kitanda kitupu.

Kuna elimu pia ambayo inaokoa maisha ya anayekandwa, na naomba msikilizaji anayeifanya kazi hii anisikilize hapa kwa makini. Wageni wetu wengi wanafika baada ya kukaa kwenye ndege saa nyingi. Kukaa hivyo kunaweza kuifanya damu igande katika mshipa wa ndani wa mguu. Dalili zake mara nyingi ni mguu mmoja, hasa shavu la mguu, kuvimba, kuwa na joto na kuuma, na mwenyewe atakwambia ni misuli tu, nikandie kwa nguvu. Usiukande. Donge la damu likiondoka mahali pake linaweza kupanda hadi kwenye mapafu, na mtu akafa. Mwambie aende hospitali, leo, si kesho. Vilevile usimkande mwenye homa, wala ngozi iliyoungua kwa jua, na mwenye kisukari ambaye miguu yake imepoteza hisia usimtumie maji ya moto wala nguvu, kwa kuwa hatajua anaumia. Mama aliyejifungua kwa kupasuliwa, tumbo lake lisikandamizwe, na mzazi yeyote anayetoka damu nyingi au mwenye homa apelekwe kituo cha afya kabla ya kukandwa.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu kumwambia mteja hapana kunakula kipato cha siku. Aliye peke yake, mwenye deni la unga dukani, atajishawishi kwamba huenda ni misuli kweli. Aliye na kikundi chenye sharti lililoandikwa atasema: sisi hapa mguu wa namna hii hatuukandi. Hiyo sisi inampa mgongo wa kusimamia. Muuguzi wa kituo cha afya cha kijiji akialikwa mara moja kwa mwezi, akaeleza kwa saa moja, kikundi kitakuwa na elimu ambayo mtu mmoja mmoja asingeipata.

Na muuguzi huyo asije kufundisha tu, akae pia asikilize. Bibi aliyekanda wazazi wa mtaa mzima kwa maji ya moto siku arobaini anajua mengi kuhusu mgongo wa mzazi, maziwa yaliyojaa na usingizi usiokuja. Anajua mafuta gani yapashwe moto na yapi yasipashwe. Bibi wa namna hiyo akifa bila mwanafunzi, tumepoteza. Wathai walilifanyia kazi jambo hili mapema: katika karne ya 19 Mfalme Rama wa Tatu aliamuru maarifa ya tiba na ukandaji yachongwe kwenye mawe katika hekalu la Wat Pho mjini Bangkok, watu wayasome. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza ukandaji wa Kithai kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Leo hoteli za mwambao wetu zinatangaza masaji ya Kithai na ya Bali. Sina ugomvi na jambo hilo, elimu haina mipaka. Lakini kukanda kwetu, pamoja na singo na mafuta ya karafuu, hakujaandikwa na wenye nako. Daftari la kikundi lingeweza kuanza kazi hiyo kwa kumkalisha bibi mmoja, kumuuliza, na kuandika anachosema.

Nimeahidi kurudi kwenye mlango. Japani ya kale ilikuwa na chama cha wanaume wasioona, Todoza, kilichowapa ulinzi na kazi, na kukanda ilikuwa mojawapo ya kazi zao. Katika karne ya 17 akatokea Sugiyama Waichi, mtu asiyeona aliyezaliwa mwaka 1610, akawa tabibu wa mtawala Tsunayoshi, na akafungua skuli za kuwafundisha wasioona tiba ya sindano na ukandaji. Ni jambo kubwa: watu ambao mahali pengi waliachiwa kuombaomba, huko walipata taaluma na heshima. Lakini ndani ya chama kilekile vyeo vikawa vinanunuliwa, wa chini wakiwalipa wa juu, hadi serikali mpya ikakivunja mwaka 1871.

Korea Kusini hadi leo ni wasioona tu wanaopewa leseni ya kukanda. Mwezi Mei 2006 Mahakama ya Katiba ilisema kanuni hiyo inawanyima wengine uhuru wa kuchagua kazi. Wakandaji wasioona wakaingia barabarani, na wengine wakapanda daraja la Mapo mjini Seoul wakajitupa mto Han. Agosti ya mwaka huohuo Bunge likawarudishia haki yao kwa sheria, na mwaka 2008 mahakama hiyohiyo ikaikubali. Miezi mitatu tu. Wasingeweza kama wasingekuwa wameshajuana kwa miaka na kuwa na chama kinachoita mtu akaja. Nami naelewa kwa nini walipigana, kwa kuwa kazi nyingine zilikuwa zimewafungia mlango. Ila upande wa pili wa mlango huo wako watu wenye kuona wanaokanda nje ya sheria, ambao wanaweza kushtakiwa wakati wowote.

Kwetu ningetaka mlango uwe mpana. Mwenye cheti cha chuo na bibi asiyejua kusoma waingie pamoja. Dada aliyezaliwa Paje na aliyetoka Tanga au Mombasa kutafuta riziki waingie pamoja, na hapa nazungumza waziwazi, kwa sababu nasikia maneno ya huyu mwenyeji na huyu mgeni yakitumika kugawa wateja. Mwenye kuajiriwa spa na wa ufukweni wakae mkeka mmoja, ingawa wanachukuliana wageni. Wasioona wapewe nafasi ya kujifunza, maana kazi hii wanaiweza, na Wajapani wamelithibitisha kwa karne kadhaa. Wanaume wakandaji nao waitwe; wako wachache, na wengi wao hawajui wamuulize nani. Kitu cha kumzuia mtu kiwe kimoja tu: kukataa masharti ya kulinda wenzake na wateja.

Wapo pia vijana wetu wanaokwenda Muscat, Dubai na Doha kufanya kazi za saluni na spa. Kabla ya kuondoka, kikundi kibaki na nakala ya mkataba, nakala ya pasipoti na jina la wakala. Akifika huko na pasi yake ikachukuliwa, pawe na watu nyumbani wenye karatasi za kuanzia kuuliza.

Tuseme basi mpo saba tu ufukweni kwenu, na mmesikia haya na mnataka kuanza. Msianze na uchaguzi wa mwenyekiti. Hapo ndipo vikundi vinapofia, watu wakigombea kiti kabla hakijawa na kazi. Anzeni na namba za simu, na mkubaliane nani anapigiwa kwanza mtu akipatwa na jambo, usiku au mchana. Kikao cha pili kijadili bei na zamu. Cha tatu mwiteni muuguzi. Mfuko wa mkono uanze wakati fedha ipo, mwezi wa Julai wageni wakirudi, hata kama ni elfu moja kwa wiki. Barua ya kujitambulisha ipelekwe kwa sheha, na kikundi kikishatulia kiende kuandikishwa, ili hoteli inapotaka kuzungumza juu ya eneo la ufukwe izungumze na kikundi chenye jina, na isimwite dada mmoja ofisini na kumpa masharti peke yake. Tanzania Bara wenye kazi ya tiba asili wana baraza lao chini ya sheria ya mwaka 2002, na Zanzibar ina baraza lake. Wakandaji wakienda huko wakiwa kikundi watasikilizwa tofauti na anavyosikilizwa mtu aliyekuja na malalamiko yake mkononi.

Muda mzuri wa kukutana ni masika, Aprili na Mei, vibanda vikiwa vimefungwa na hakuna wa kugombaniwa. Mkishaelewana bei wakati wa njaa, itakuwa rahisi kuishika wakati wa shibe. Anayetaka kujua taratibu za kuandikisha kikundi aanzie ofisi ya sheha wake, na anayetaka kufundishwa habari za damu iliyoganda na mzazi aliyepasuliwa aulize kituo cha afya kilicho karibu. Huduma hiyo iombwe kwa barua, ikiwa na majina ya wanachama wote chini yake.